Pengo la Herufi Lina Sababu Yake

Mbunifu wa grafiki anayesaka wazo siku hizi huanzia Pinterest, Behance au Instagram, na kwa nusu saa tu macho yake hupitia mabango, nembo na fonti kutoka kila pembe ya dunia. Wingi huo ni neema, ila una kasoro moja: picha hufika peke yake, imeachana na tatizo lililoizaa. Anayeinakili hupata umbo, asipate akili iliyolichora.

Chukua fonti ya Bell Centennial, aliyoichora Matthew Carter mwaka 1978 kwa ajili ya vitabu vya simu vya kampuni ya AT&T nchini Marekani. Majina na namba vilichapwa kwa herufi ndogo mno, kwenye karatasi duni na kwa mitambo ya kasi, hivyo wino ulitambaa na kuziba pembe za herufi. Carter alizikata pembe hizo makusudi, akaacha vijipengo vya kuupokea wino. Ukiikuza, herufi yake utadhani imetafunwa na panya. Ikichapwa kitabuni, wino hujaza vijipengo na jina likasomeka vizuri. Leo vijipengo vya aina hiyo ni fasheni. Vinapamba vichwa vikubwa vya habari kwenye tovuti, juu ya kioo ambacho hakijawahi kuguswa na wino.

Kanga nayo inapatwa na hayo hayo. Ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno, upande wa chini wa mji. Kwa kawaida jina huandikwa mstari mmoja kwa herufi kubwa zisizo na madoido, nalo hushindana na maua na rangi kali kwenye nguo inayotembea na aliyeivaa. Mbunifu anayemwaga maua ya pindo nyuma ya maandishi ya bango amechukua urembo, akaacha mpangilio. Fundisho la kanga ni mgawanyo wa kazi: pindo hufunga, mji hubeba picha, jina husema, na kila kimoja kina mahali pake.

Wapo watakaosema sanaa imeishi kwa kuazima, na kwamba umbo lina haki ya kupata kazi mpya. Ni kweli, pengo la Carter likikuzwa huipa herufi mdundo wa kupendeza. Lakini anayeijua kazi ya kwanza ya pengo hilo ndiye awezaye kuamua likae wapi, liwe kubwa kiasi gani, na lini liondolewe. Wengine watauliza kijana asiye na maktaba ya usanifu karibu naye atazijua wapi sababu hizo. Atazijua kwenye intaneti hiyohiyo. Letterform Archive ya San Francisco ilifungua hazina yake mtandaoni bure mwaka 2020, na British Museum imeweka kanga zake kwenye katalogi ya mtandaoni, pamoja na maelezo.

Basi picha ikikuvutia, kabla ya kuihifadhi, iulize ilichapwa juu ya nini, isomwe na nani, akiwa umbali gani. Ukishapata majibu, huenda ukachora kitu kisichofanana nayo hata kidogo, na hapo ndipo utakuwa umejifunza kwayo.