Glavu si glavu tu: namna ya kuchagua na kuvaa mavazi ya kinga ndani ya maabara

Mwezi wa tisa mwaka 1976, daktari Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, katika wilaya ya Bumba, kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Zaïre. Watu walikuwa wanakufa kwa homa ambayo hakuna aliyeijua. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Kila alipochomoa sindano, damu iliendelea kutoka na kumlowanisha vidole. Alinawa kwa maji na sabuni, akaendelea na kazi.

Damu ya sista mmoja Mbelgiji ilitumwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya termosi. Ilipofunguliwa, chupa moja ilikuwa imevunjika. Watafiti waliokuwa mezani walivaa koti jeupe na glavu, bila kitu cha kuziba pua wala kukinga macho. Ugonjwa huo ndio uliokuja kuitwa Ebola. Watu 318 walihesabiwa kuwa wagonjwa, 280 wakafariki. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ya Yambuku, 11 walikufa.

Muyembe na wenzake wa Antwerp walipona. Lakini bahati si kanuni ya kazi. Leo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, ina maabara Kinshasa na Goma ambako wanapima Ebola na mpox. Wanafunzi wa biolojia, kemia na udaktari wanaingia kila siku katika "labo" za vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani. Wengi wanajua kwamba lazima kuvaa kinga. Kazi ngumu ni kujua kinga ipi, kwa hatari ipi, na namna ya kuivua.

Anza na hatari, si na sanduku la glavu

Mwaka 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani, alikuwa anafanya kazi na kemikali yenye zebaki, dimethili-zebaki. Alivaa glavu za mpira wa latex, akafanya kazi ndani ya kabati lenye kuvuta hewa. Kwa kanuni za wakati ule, hakuvunja hata moja. Matone machache yalianguka juu ya glavu. Miezi iliyofuata akaanza kuyumba na kushindwa kusema vizuri. Alifariki mwezi wa sita 1997, akiwa na miaka 48. Vipimo vilionyesha kwamba kemikali hiyo inapenya latex kwa sekunde chache tu.

Glavu alikuwa nayo. Ila haikuwa glavu ya kemikali ile.

Ndiyo maana kabla ya kununua au kuvaa, mtu anajiuliza: ninashika nini? Kwa damu, mate na vijidudu, glavu nyembamba ya nitrili au latex inafaa, ikiwa ni nzima na inabadilishwa. Kwa asetoni, glavu hizo hizo hazifai kitu, kwa kuwa inapenya haraka sana. Glavu nene ya butili ndiyo inayostahimili. Kwa nitrojeni ya maji, yenye baridi kali, inatakiwa glavu maalumu ya baridi, pana kidogo ili ivuliwe upesi ikiingia maji hayo. Mtu ambaye ngozi yake inawasha kwa latex achague nitrili. Kila mtengenezaji wa glavu huwa na jedwali la kemikali na muda ambao glavu inastahimili. Jedwali hilo lisomwe kabla ya kazi.

Hata glavu sahihi ina mpaka. Mwaka ule ule wa 1976, katika maabara ya Porton Down, Uingereza, mtafiti aliyekuwa anachunguza virusi vya Ebola alijichoma kidole kwa sindano kupitia glavu. Aliugua, akapona. Glavu inazuia damu, haizuii ncha ya sindano. Dawa ya ncha ni kutorudisha kifuniko juu ya sindano iliyotumika, na kuitupa papo hapo katika chombo kigumu.

Macho na mwili

Mwezi wa kumi 1997, karibu na Atlanta, Marekani, msichana wa miaka 22 aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa nyani alisaidia kumhamisha mnyama aliyekuwa ndani ya kizimba. Uchafu ukamrukia jichoni. Hakuwa na miwani ya kinga, maana kazi hiyo haikuonekana kuwa ya hatari. Virusi vya nyani vilimuua kabla ya mwaka kuisha.

Miwani ya kusomea haitoshi, kwani pembeni iko wazi. Kwa kitu chenye kuruka au kumwagika inatakiwa miwani inayofunika macho pande zote. Kwa kiasi kikubwa cha asidi, kioo cha uso kinavaliwa juu ya miwani hiyo, si badala yake.

Kuhusu koti, mfano ni wa Los Angeles. Tarehe 29 Desemba 2008, mtafiti wa miaka 23 alikuwa anavuta kwa sindano kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Alivaa glavu, lakini juu ya sweta ya nyuzi za kiwandani hakuweka koti. Sweta ilishika moto. Alifariki siku 18 baadaye. Nyuzi kama nailoni na poliesta zinayeyuka na kushika ngozi. Karibu na moto koti la pamba ni afadhali, na kwa kemikali kama ile, koti maalumu lisiloshika moto.

Koti livaliwe likiwa limefungwa vifungo vyote, mikono ifike kwenye kiwiko cha kiganja, na glavu ipite juu ya mkono wa koti. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima. Sandali zibaki mlangoni. Nywele ndefu na ncha za kitambaa cha kichwa zifungwe nyuma.

Barakoa ya kawaida ya hospitali inazuia matone, haichuji hewa vizuri kwa anayeivaa. Kwa vijidudu vya hewani kama kifua kikuu inatakiwa FFP2 au N95, na lazima ishike uso vizuri. Ndevu zinaacha nafasi ya hewa kupita. Na hakuna barakoa ya vumbi inayozuia mvuke wa kemikali.

Kuvua ndiko kunakohitaji subira

Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki. Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina waliona wahudumu wakivuliwa mavazi polepole, hatua kwa hatua, huku mwenzao akiwaangalia. Sababu ni rahisi: wakati wa kuvua, upande wa nje ndio mchafu, na mtu amekwisha choka.

Katika maabara ya kawaida, glavu zinavuliwa kwanza, kwa kuzigeuza ndani nje bila ngozi kugusa upande wa nje. Halafu miwani na koti, bila kushika sehemu ya mbele. Barakoa inafuata mwisho, kwa kushika kamba zake. Kisha mikono inanawiwa kwa maji na sabuni, hata kama glavu haikupasuka. Simu na kitasa cha mlango havishikwi kwa glavu. Koti halipelekwi nyumbani, ambako litafuliwa pamoja na nguo za watoto.

Pale pesa ni kidogo

Glavu zikiwa chache, kishawishi ni kuziosha na kuzivaa tena. Glavu za kutumia mara moja hazioshwi: sabuni na javel vinazidhoofisha, na tundu dogo halionekani kwa macho. Afadhali kupanga kazi ili glavu zitoshe, au kuahirisha jaribio.

Vingine havihitaji bei kubwa. Fundi wa cherehani anaweza kushona koti la pamba. Miwani ya kinga inaoshwa na kutumika miaka. Kuchukua kemikali kidogo, au kuibadilisha kwa ile isiyo na sumu kali, kunapunguza hatari kabla ya mtu kuvaa chochote.

Mavazi ni ukuta wa mwisho. Mwalimu anayefungua mlango wa labo ndiye wa kwanza kuhakikisha kwamba kila mwanafunzi amejua anachokwenda kushika, na amevaa kinga yake.