Si Wazimu, Ni Ufundi

Akipita kijana na gunia la vyuma chakavu begani, wengi wetu humcheka. Husema amerukwa na akili, au amevuta bangi. Hayo hasa ndiyo aliyosemwa William Kamkwamba wa kijiji cha Masitala, wilaya ya Kasungu nchini Malawi, mwaka 2002. Alikuwa na umri wa miaka 14. Njaa ilikuwa imeikumba nchi, baba yake hakuwa na karo, na masomo ya sekondari yakamkatikia pale pale.

Kijana huyo alikuwa akiunda kinu cha upepo. Twapenda kuieleza kazi yenyewe, maana wafanyakazi wataielewa upesi kuliko mabwana wa maofisini. Pangaboi lilitoka katika trekta bovu, na fremu ilikuwa ya baiskeli mbovu ya baba yake. Bomba la plastiki alilipasua kwa urefu, akalilainisha motoni, akalinyoosha likawa mabawa. Hakuwa na keekee. Basi alichomeka msumari katika gunzi la hindi, akaupasha moto hata ukawa mwekundu, akatobolea huo. Vizibo vya chupa za bia ndivyo vilivyokuwa washa zake. Upepo ulizungusha mabawa, mnyororo ukazungusha gurudumu, na gurudumu likaendesha dainamo ya baiskeli. Mnara ulikuwa wa magogo ya mikaratusi. Glopu moja ndogo ikawaka mbele ya wale wale waliokuwa wakimcheka.

Hatusemi kwamba kila chuma chakavu ni mali, wala hatumshawishi mtu kuchezea umeme, umeme waua. Kwa Kamkwamba mwenyewe siku moja nyaya ziligusana, na nyumba ikanusurika kuungua. Hapo akaunda chombo cha kukata umeme kwa misumari, waya na sumaku ya spika ya redio.

Lakini tunalotaka lizingatiwe zaidi ni hili. Habari za kinu hakuziota ndotoni. Alizikuta katika vitabu vya sayansi alivyoazima kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, mahali ambapo hakudaiwa karo mlangoni. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha. Alisoma picha kwanza, maneno baadaye.

Kinu kikazunguka miaka minne machoni pa watu, na fundi wake yu nje ya shule. Magazeti ya Malawi yalipomwandika mwaka 2006 ndipo akapata wa kumsomesha. Juni 2007 alisimama Arusha mbele ya mkutano wa kimataifa, na mwaka 2014 alihitimu Chuo cha Dartmouth huko Marekani. Twafurahi naye. Hata hivyo miaka ile minne haikurudi, na hatujui ni vijana wangapi ambao kwao haikuwa minne bali ni yote.

Ndugu msomaji, mahali pako pa kazi, au katika shule ya kijijini kwenu, pana kabati la vitabu? Ufunguo wake anao nani, na hufunguliwa siku gani?