Jumba la Nero na Taifa Lisilo na Nchi

Kaisari Nero, aliyetawala Roma tangu mwaka 54 hata 68, anajulikana na wengi kwa kitabu kiitwacho Quo Vadis, au kwa sinema iliyotengenezwa mwaka 1951 kwa kukifuata. Mtungaji wake, Henryk Sienkiewicz, hajulikani sana. Alizaliwa mwaka 1846 kati ya Wapolandi, watu ambao nchi yao ilikwisha kugawanywa na Urusi, Prusia na Austria, hata mwaka 1795 hakikubaki kipande.

Mwaka 1895 hadithi hiyo ilianza kutolewa kidogo kidogo katika magazeti ya miji mitatu: Warsaw chini ya Warusi, Kraków chini ya Waaustria, na Poznań chini ya Wajerumani. Hivyo watu waliotengwa kwa mipaka walisoma habari moja kwa lugha yao moja.

Na habari yenyewe ni ipi? Vinicius, askari kijana, anampenda Lygia, binti wa mfalme wa kabila la mbali, aliyeletwa Roma kuwa rehani. Hao wawili ni wa kubuniwa. Lakini kabila la Lygia lilikuwako, na makao yake yalikuwa katika nchi iliyokuja kuitwa Polandi. Basi binti huyo alipofungwa juu ya pembe za fahali wa mwitu, na Ursus, mtu wa kwao, akamvunja mnyama shingo kwa mikono mitupu, msomaji wa Warsaw hakuhitaji kufafanuliwa. Magazeti yake yalipita kwanza mikononi mwa wakaguzi wa Urusi. Lakini mambo ya Nero ni ya kale, nani angeyakataza?

Jambo moja tusichukue kuwa historia. Kitabuni Kaisari ndiye anayeamuru Roma ichomwe. Tacitus, mwandishi wa kale, haamui neno hilo. Asema tu kwamba moto ulipozuka, Julai 64, Nero alikuwa Antium.

Petronius naye ni mtu wa kweli. Alilala mchana, akaishi usiku, na jumbani kwa Nero hakuna kitu kilichohesabiwa kizuri mpaka yeye amekisifu. Tigellinus, mkuu wa walinzi, akamwonea wivu, akamchongea. Mwaka 66 Petronius alijikata mishipa, akaifunga, akaifungua tena, huku akizungumza na rafiki zake na kusikiliza mashairi mepesi. Maovu ya Kaisari akayaandika yote, akayatia muhuri, akampelekea. Kisha akaivunja pete ya muhuri, isije ikatumiwa kuwaangamiza wengine.

Sienkiewicz aliibadili barua ile: Petronius wake anamwambia Nero kwamba mauaji aweza kuyavumilia, lakini si mashairi yake mabaya. Kwangu mimi ukurasa huo wapita hata ule wa fahali. Ajabu ni kwamba katika kitabu kilichotungwa kuwatukuza Wakristo, mpagani huyu ndiye asiyesahaulika.

Mwaka 1905 Sienkiewicz alipewa Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka 1916 huko Vevey, Uswisi, hali nchi yake haijarudi. Polandi ikapata uhuru mwaka 1918, na mwaka 1924 mwili wake ukapelekwa Warsaw, ukazikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane.