Je, Wajua? Mchezo wa nzango wafaa karamu ya kuaga

Tunda, huko Maniema nchini Kongo-Kinshasa, kuna hospitali ya Wamethodisti, na palipo na hospitali hapakosi muuguzi wa kuagwa. Je, wajua kwamba mchezo wa nzango waweza kuchangamsha karamu yake bila mpira wala franga moja?

• Safu mbili hutazamana. Wawili hujitokeza katikati, huruka kwa makofi na nyimbo za wenzao, kisha kila mmoja hurusha mguu mbele kwa ghafla.

• Pande hupatana mapema: mguu wa kulia ukikutana na wa kulia, au wa kushoto na wa kushoto, pointi ni ya upande mmoja; miguu ikitofautiana, ni ya upande wa pili.

• Nzango ulianza kama mchezo wa wasichana viwanjani mwa shule, katika Kongo zote mbili. Leo una mashirikisho, waamuzi na timu za wachezaji 11. Mwaka 2015 ulionyeshwa kwenye Michezo ya Afrika, Brazzaville.

• Anayeagwa acheze na kila mgeni, mmoja mmoja. Hivyo hataondoka bila kusimama ana kwa ana na kila aliyekuja kumuaga.