Usipime Wembe kwa Kidole

Juma hili nina jambo linaloonekana dogo mpaka siku litakapokutoa damu. Utajuaje kama wembe umepata makali ya kunyolea? Sisemi kiwembe cha dukani, cha kutumia na kutupa. Nasema ule wembe wa kizamani wa vinyozi, wenye bapa la chuma linalojikunja ndani ya mpini.

Mwezi uliopita nilipanda basi la Tukuyu kwenda kwenye matanga ya mjomba wangu. Alikuwa kinyozi miaka mingi, kibarazani karibu na soko. Tunasema kinyozi hajinyoi, lakini yeye alijinyoa kila Jumamosi, tena bila kioo. Siku ya kunyoa wafiwa, mjane wake akanikabidhi ule wembe. “Mwanangu, wewe ndiye aliyekufundisha. Wanyoe wenzako.” Kwenye mkeka walikuwapo watu 12.

Wembe ulikuwa umelala kabatini masika nzima. Rungwe ni wilaya ya mvua, sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na chuma cha nyembe hizo hushika kutu upesi. Mjomba alikuwa akiukausha na kuupaka mafuta ya cherehani kila alipomaliza kazi. Basi kwanza nikaupeleka dirishani, makali yakinitazama. Makali mazuri hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona kauzi kanameta, hapo ni butu. Mimi niliona vinukta viwili.

Nikaomba kinoo laini na maji. Kwenye jiwe, mgongo wa wembe na makali vyote hugusa, na makali hutangulia. Kwenye mkanda wa ngozi ni kinyume: mgongo hutangulia, la sivyo utaukatakata mkanda.

Jirani mmoja akataka kuupapasa kwa kidole gumba, kama apimavyo panga la migombani. Nikamzuia. Wembe unaokwaruza kidole bado una meno, haujaisha kunolewa, na ule ulioiva utakuwa umeshaingia nyamani kabla hujajua. Afadhali ukucha uliolowa maji. Buruta makali juu yake bila kukandamiza. Yakiteleza, ni butu. Yakikwama mahali, pana pengo. Yakishika kidogo, sawasawa toka mwanzo hadi ncha, endelea na mkanda. Ukucha nao hupunguza makali kidogo, kwa hiyo kipimo hiki hufanywa kabla ya mkanda, si baada yake.

Kisha malaika ya mkononi. Wengi hunyoa mkono mara moja na kujisifu, lakini hata kisu cha buchani kikinolewa vizuri hunyoa mkono. Mjomba alipitisha wembe juu ya malaika bila kugusa ngozi kabisa. Yakikatika yakiwa yamesimama hewani, wembe umekaribia. Wako wanaoushikilia unywele mmoja na kuudondoshea makali. Ni mchezo mzuri, ila unywele mnene hukatika kwa urahisi kuliko mwembamba, hivyo jibu hutegemea kichwa ulichochuma.

Malaika yangu yalikatika. Sasa watu 12 wakainamisha vichwa, nami nikasita.

Wembe mkali sana hukata bila kuuma. Anayenyolewa hajui, na anayenyoa huenda asione katone kadogo chini ya povu la sabuni. Nchi yetu iliwapata wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983 kule Kagera, na tangu hapo tumeonywa sana juu ya wembe mmoja kwa watu wengi. Homa ya ini aina ya B haitajwi sana, lakini virusi vyake vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kuufuta wembe kwa kitambaa baina ya kichwa na kichwa hakuvizuii.

Nikamtuma kijana dukani akalete viwembe 12, kila mtu na chake. Mjane akanyamaza. Wembe ule ulikuwa mkono wa mumewe, nami nilikuwa nimeukataa mbele za watu. Baadaye akauliza, “Na huu?”

Nikamwambia huu utaninyoa mimi peke yangu, maana ulikuwa haujapita kipimo cha mwisho, yaani shavu. Akaniletea maji ya moto. Asubuhi za Tukuyu ngozi husisimka kwa baridi, na wembe hukwangua vile vipele vya baridi, kwa hiyo nikajikanda vizuri, nikapaka sabuni, nikangoja dakika mbili tatu ndevu zilainike. Nikavuta ngozi, nikalaza wembe, mgongo ukiinuka kidogo tu. Hapo anayepima ni sikio. Wembe ulioiva hulia kama karatasi laini ichanwayo polepole. Ulio butu huvuta, nawe bila kufikiri unakaza mkono, na damu hutokea hapo.

Shavu la kulia lililia vizuri. La kushoto, karibu na kidevu, likavuta. Nikaweka wembe chini, nikamwomba mkanda wa mjomba.