Kuku akifa baada ya chanjo, nani aulizwe?

MFANYABIASHARA anayenunua kuku wa kienyeji vijijini Bunda au Butiama ili awauze Mukendo, mjini Musoma, anaujua msimu wa mdondo, ambao wengi huuita kideri. Bei hushuka ghafla. Mfugaji aliyeona kuku wawili wamesinzia asubuhi huamua kuuza waliobaki kabla ya jioni, na ugonjwa hupanda tenga pamoja nao hadi mjini.

Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ya miaka mitano. Serikali inachangia nusu ya gharama ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe na ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Kuku wa asili huchanjwa bure.

Bei ni nafuu, lakini hofu haipungui kwa ruzuku. Malalamiko ni yaleyale: "Walikuwa wazima, wakachanjwa, wakafa."

Kwa kuku, jambo hilo hutokea kweli, na mara nyingi chanjo haina kosa. Chanjo ya mdondo ya I-2, ambayo ni tone moja jichoni, haitibu. Kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Kuku aliyekwisha kuambukizwa huweza kuonekana mzima siku tano au sita, akachanjwa, kisha akafa. Mchanjaji anayekuja wakati ugonjwa umeshaingia kijijini anapaswa kulisema hilo kabla ya kufungua chupa, si baada ya msiba. Aseme pia kwamba tone hilo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne, la sivyo fedha na jasho vimepotea.

Kwa ng'ombe, mambo ni mazito zaidi. Chanjo ya homa ya mapafu ina vijidudu hai vilivyopunguzwa makali. Ng'ombe wachache huvimba palipochomwa, na wakichomwa mkiani, mkia huweza kuoza na kukatika. Mfugaji ambaye hakuonywa hukimbilia antibiotiki dukani. Dawa hiyo huviua vijidudu vya chanjo, na mnyama hubaki bila kinga huku mwenyewe akiamini amekinga zizi. Uvimbe ukizidi, aitwe mtaalamu aamue.

Kuna na makosa ya mkono wa mtu. Chanjo iliyopoteza ubaridi njiani haina kazi, ingawa kwa macho ni ileile. Sindano moja ikipita zizi zima huweza kuhamisha ndigana baridi kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, na ugonjwa ukijitokeza wiki kadhaa baadaye, lawama huangukia chanjo. Mfugaji ana haki ya kuomba aone barafu ndani ya kasha na sindano ikibadilishwa. Huo si ubishi. Mali ni yake.

Safari hii mifugo huvishwa pia hereni za utambuzi. Waliopitia upigaji chapa wa mwaka 2017 wana sababu ya kuuliza hesabu hiyo itatumika wapi. Kuchanganya tiba na sensa hurahisisha kazi ya ofisi, lakini humfanya mwenye shaka na hereni aikimbie na chanjo.

Naye anayekimbia hajidhuru peke yake. Sotoka ya ng'ombe, iliyowahi kufyeka ng'ombe na nyumbu wa Serengeti, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na chanjo ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Kwa kichaa cha mbwa, wataalamu hutaka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Kundi moja lililofichwa porini laweza kurudisha ugonjwa kwenye malisho ya wote. Basi kama mfugaji anaombwa abebe hatari ndogo kwa faida ya majirani, ni haki ajue mapema nani atamsikiliza hatari hiyo ikimwangukia.

Kwa sasa silaha yake ni kumbukumbu. Aandike tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye chupa na jina la mchanjaji. Mnyama akifa, ofisa mifugo aitwe siku hiyohiyo, ili sampuli ipelekwe Wakala wa Maabara ya Veterinari, wenye kituo Mwanza. Kuku aliyekwisha kuchomwa na kuliwa hana ushahidi.