Kuganda, Kupoa na Kuwa Kioo: Tatizo la Istilahi katika Upozaji wa Fuwele za Protini

Utangulizi

Mtafsiri wa mwongozo wa maabara anapofikia maelezo ya namna fuwele za protini zinavyoandaliwa kwa ajili ya eksirei, kitenzi cha kwanza kumjia ni kugandisha. Kila msemaji wa Kiswahili anakielewa kitenzi hicho, na ugumu unaanzia hapohapo. Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanyika, kisha yanaonyesha kwamba mafanikio yake yanategemea jambo ambalo kugandisha peke yake hakulibainishi, yaani maji yaliyomo ndani ya fuwele yawe magumu bila kuwa barafu. Istilahi isiyotenganisha hali hizo mbili inaweza kupita masikioni bila kukera, lakini maabarani inaharibu fuwele.

Fuwele iliyojaa maji

Ili kujua atomi za protini zimekaaje, wataalamu huotesha fuwele, ambamo molekuli nyingi za aina moja hujipanga kwa safu zinazojirudia pande zote. Fuwele hiyo hupigwa eksirei. Elektroni za atomi huitawanya miale, na kutokana na ruwaza ya vitone inayopatikana, ramani ya molekuli hukokotolewa.

Fuwele ya protini haifanani na ya chumvi. Kwa kawaida, karibu nusu ya ujazo wake ni maji pamoja na vitu vilivyoyeyuka ndani yake, yakiwa yamejaza nafasi baina ya molekuli. Mwaka 1934, J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot, ambaye baadaye alijulikana kama Dorothy Hodgkin, walionyesha kwa fuwele za pepsini kwamba ruwaza nzuri hupatikana fuwele ikibaki katika umajimaji wake. Ikikauka, mpangilio wa ndani huvurugika. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, fuwele zilizibwa ndani ya vineli vyembamba vya kioo pamoja na tone la umajimaji huo.

Hata hivyo, miale inayofichua umbo ndiyo hiyohiyo inayoliharibu. Eksirei ikifyonzwa, huzalisha radikali huru ambazo, katika halijoto ya chumba, husambaa ndani ya maji na kuvunja vifungo vya molekuli. Fuwele ikipozwa hadi kelvini 100, takribani nyuzi -173 za Selsiasi, mwendo wa radikali nyingi huzuiwa, na fuwele hustahimili miale makumi ya mara zaidi. Uharibifu haukomi, hupungua tu, lakini hupungua kiasi kwamba fuwele moja mara nyingi hutosha mahali ambapo zamani zilihitajika kadhaa.

Kwa nini barafu ni adui

Maji yanapokuwa barafu ya kawaida hutanuka kwa takribani asilimia 9. Ndani ya fuwele ya protini, mtanuko huo huzipasua safu. Zaidi ya hayo, barafu nayo ni fuwele: hutawanya eksirei kwa ruwaza yake ya mviringo, ambayo hufunika vitone vya protini. Kwa hiyo maji hayo lazima yapozwe upesi kiasi kwamba molekuli zake zisipate nafasi ya kujipanga. Zikikwama zilivyo, bila mpangilio, maji huwa magumu kama kioo.

Mwaka 1988, Håkon Hope wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha njia iliyoweza kutumika kwa fuwele za aina nyingi, akizifunika kwa mafuta kabla ya kuzipoza. Miaka miwili baadaye T.-Y. Teng alieleza namna ya kuibeba fuwele katika kitanzi chembamba, ikishikiliwa na utando wa umajimaji wenyewe. Kitanzi hicho, mara nyingi cha nailoni, ndicho kilichoenea. Umajimaji huongezwa gliserini au kitu cha jamii hiyo ili kuchelewesha barafu, kisha kitanzi huingizwa katika nitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye kelvini 77, au katika mkondo wa gesi ya nitrojeni yenye kelvini 100. Fuwele za ribosomu, ambazo ziliharibiwa haraka mno na miale, zilinufaika sana na upozaji. Ada Yonath, aliyeshirikiana na Hope katika kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2009 pamoja na Venkatraman Ramakrishnan na Thomas Steitz.

Kiswahili kinasema nini

Katika matumizi ya kila siku, kuganda ni pana kuliko kuwa barafu. Maziwa huganda, damu huganda, samli huganda, uji huganda ukiachwa. Kinachotajwa ni kitu kilichokuwa kikitiririka na sasa hakitiririki. Mpangilio wa ndani hautajwi. Ni masomo ya shule yaliyokibana kitenzi hicho kwenye maji na barafu, na ndivyo mwanafunzi wa sayansi anavyokisoma leo. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, wakati mbinu ya Hope ilikuwa na umri wa miaka miwili. Haingekuwa haki kuidai istilahi zake.

Tofauti inayotafutwa inaonekana jikoni. Sukari ya mezani ni fuwele. Ikiyeyushwa motoni, ikamwagiwa njugu na kuachwa ipoe haraka, hutoa kashata ngumu inayong'aa na kuvunjika kama kigae: hiyo ni sukari katika hali ya kioo. Shira ikirudia kuwa chengachenga, fuwele zimerudi. Sukari ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio.

Inafaa basi kitendo chenyewe kiitwe kupoza, na matokeo yatajwe waziwazi: maji kuwa barafu, au maji kuwa kioo. Kuunda kitenzi kama kukiooisha kunawezekana, ingawa si rahisi kuamini kwamba mtu atakitamka mara mbili. Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika katika sentensi kama "fuwele iligandishwa kuwa kioo". Fuwele haikuwa kioo. Ingekuwa hivyo, kusingekuwa na ruwaza ya vitone. Protini zilibaki katika safu zao, na maji yaliyo kati yake ndiyo yaliyokuwa kioo.

Vitenzi vya maagizo navyo vina uzito. Juu ya nitrojeni ya kimiminika hukaa tabaka la gesi baridi. Kitanzi kikishushwa polepole, fuwele huanza kupoa humo taratibu, na barafu hupata muda wa kuota. Ingiza hakutaji mwendo, na chovya humfanya msomaji akitoe tena kitanzi. Tumbukiza kwa mkupuo mmoja ndiko kunakofaa.

Gharama ya kosa si ndogo. Afrika haina sinkrotroni yake, na mtafiti wa ukanda huu huenda akasafirisha fuwele zikiwa tayari zimepozwa hadi Diamond nchini Uingereza au ESRF mjini Grenoble. Barafu iliyoingia siku ya kwanza inaweza kugunduliwa huko mbali, muda wa mashine ukiwa umeshatengwa. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Kiswahili unapaswa kumwelekeza msomaji alitazame tone katika kitanzi kabla ya kufungasha: likibaki angavu, maji yamekuwa kioo, likiwa jeupe kama tui, barafu imeshaingia.